Ugonjwa huingia kwa mlango wa mbegu
Somo la wafugaji wa chaza kwa koperativa zinazotaka kuzalisha vifaranga vya samaki



Katika namba hii tunazungumza juu ya mnyama ambaye wengi wetu hatujamfuga na pengine hatutamfuga kamwe: chaza wa bahari. Msishangae. Tumemchagua kwa sababu wafugaji wake walipata shida yenye inaweza kutupata na sisi wafugaji wa tilapia. Mbegu yao ilikuwa inatoka mahali pachache, na ugonjwa wa virusi ukaingia pale pale penye mbegu inatoka.

Koperativa nyingi za huku kwetu zimechoka kununua vifaranga vya samaki mbali. Safari ni ndefu, barabara ni mbaya, na mara nyingi nusu ya mfuko inafika imekufa. Ndiyo maana zinataka kuzalisha alevini zao wenyewe, katika bwawa la koperativa. Mpango huo ni mzuri na tunauunga mkono. Lakini kabla ya kuchimba bwawa la kwanza tunapashwa kujua jambo moja: mahali pa kuzalisha mbegu ni mlango. Kitu kizuri kikipita pale, wanachama wote wanakipata. Kitu kibaya kikipita pale, wote wanakipata pia, tena kwa siku moja.

Mkulima wa mihogo analijua jambo hili. Mozaiki haikuenea kwa nzi weupe peke yao. Ilienea pia kwa mikono yetu, tulipokata miti ya shamba lenye ugonjwa na kumpa jirani apande. Alipokea zawadi, na ndani ya zawadi mulikuwa ugonjwa. Kwa samaki na kwa chaza ni sawa vile.

CHAZA NI NANI, NA MBEGU YAKE INATOKA WAPI?

Chaza ni mnyama laini mwenye kukaa ndani ya maganda mawili magumu. Wenye kuishi kando ya mto Kongo wanajua maganda makubwa yenye kushikamana na mawe penye maporomoko. Yule wa mtoni anafanana na chaza wa bahari, ingawa si wa ukoo wake. Chaza hatembei kutafuta chakula. Anafungua maganda, anavuta maji, anachuja vitu vidogo vilivyomo na kuvila. Kwa siku moja anapitisha maji mengi sana mwilini mwake. Juu ya hiyo, kila kitu kilicho ndani ya maji, kizuri ao kibaya, kinaingia kwake.

Zamani wafugaji walikuwa wanakamata chaza wachanga baharini. Waliweka vigae na vijiti ndani ya maji, chaza wadogo wakajishika hapo. Njia hiyo ingali inatumika. Lakini wengi leo wananunua mbegu katika vituo vya kuzalisha. Huko wazazi wanawekwa katika maji ya joto na kulishwa mwani mdogo sana, wenye hauonekani kwa macho. Wakiiva, jike mmoja anaweza kutoa mayai makumi ya milioni. Watoto wanaogelea majuma mawili ao matatu, kisha wanatafuta kitu kigumu cha kujishika. Wanapewa unga wa maganda, wanajishika, wanakua mpaka milimita chache, halafu wanauzwa. Mfugaji anawapeleka baharini na kuwatunza miaka miwili ao mitatu mpaka waende sokoni.

Angalieni hesabu hiyo: wazazi wachache, mbegu mamilioni, mashamba mengi. Hiyo ndiyo nguvu ya kituo, na hatari yake iko hapo hapo.

UFARANSA ILIPATA PIGO MARA MBILI

Ufaransa ni nchi kubwa ya chaza katika Ulaya. Mpaka miaka ya 1960 wafugaji wake walikuwa wanafuga sana chaza aliyeitwa wa Kireno. Mwishoni mwa miaka hiyo ukaja ugonjwa wa mashavu, yaani mahali chaza anapopumulia, na watafiti waliuhusisha na virusi. Kufikia mwanzo wa miaka ya 1970 chaza huyo alikuwa amekwisha. Ikabidi wafugaji walete aina nyingine kutoka mbali, chaza wa Pasifiki mwenye asili ya Japani. Huyo akastahimili, akakua haraka, na kazi ikaendelea.

Mwaka wa 1991 virusi nyingine, ya ukoo wa herpesi, ilionekana katika watoto wa chaza ndani ya vituo vya kuzalisha, Ufaransa na New Zealand. Tunaomba mkumbuke neno hilo: ndani ya vituo. Kwa miaka mingi ilikuwa shida ya wachanga, yenye watu walizoea kuishi nayo. Halafu katika kiangazi cha mwaka wa 2008 ikatokea sura mpya ya virusi hiyo hiyo, kali kuliko ya kwanza. Chaza wachanga wa Ufaransa wakafa kwa wingi usioonekana mbele. Kwa mahali pengi, katika kila chaza 100 walikufa kati ya 40 na 100. Mfugaji aliyeweka mbegu mpya alirudi kisha siku chache na kukuta maganda yamefunguka, nyama imeoza.

Virusi hii inapenda joto. Huko Ufaransa vifo vinaanza maji ya bahari yakipita nyuzi 16. Haidhuru binadamu: watu wanaendelea kula chaza bila kuugua kwa sababu yake. Anayeumia ni mfugaji, mfuko wake na deni lake. Kwa miaka iliyofuata serikali ya Ufaransa ilibidi kutoa msaada wa pesa kwa wafugaji walioharibikiwa.

Mwaka wa 2010 virusi hiyo kali ikaonekana New Zealand, na pia Australia, katika mto Georges karibu na mji wa Sydney. Januari 2013 ikaingia mto Hawkesbury, na kwa siku chache tu ikaua mamilioni ya chaza. Wafugaji wa huko waliamka wakiwa na mashamba, wakalala bila kitu.

TASMANIA, 2016: MBEGU INAPOTOKA MAHALI PAMOJA

Tasmania ni kisiwa kikubwa upande wa kusini wa Australia. Maji yake ni safi na baridi, na vituo vyake vilikuwa vinazalisha sehemu kubwa sana ya mbegu ya chaza wa Pasifiki kwa Australia nzima. Wafugaji wa jimbo la Australia Kusini, mbali ng’ambo ya bahari, walikuwa wanategemea sana mbegu hiyo.

Mwishoni mwa Januari 2016 virusi ikaonekana katika ghuba za kusini-mashariki mwa Tasmania. Maji yalikuwa yamepata joto kuliko kawaida. Kwa wafugaji wa hapo ilikuwa hasara ya moja kwa moja: chaza walikufa. Lakini tuangalie wale wa Australia Kusini. Mashamba yao hayakuwa na ugonjwa, hata chaza mmoja hakufa kwa virusi. Serikali yao ikafunga mpaka haraka, chaza hai wa Tasmania asiingie tena. Ilikuwa sawa kufunga, kwa sababu mbegu moja yenye ugonjwa ingewamaliza. Lakini mlango ulipofungwa, mbegu ikakosekana. Chaza anakaa majini miaka miwili ao mitatu, basi mwaka usiopanda leo ndio mwaka usiovuna kesho kutwa. Wafugaji wazima, wenye maji mazima, wakapata njaa ya mbegu. Ikabidi waanze kujenga vituo vyao wenyewe, kazi yenye kuomba pesa na wakati.

Hatari ya virusi ina miguu miwili. Mguu wa kwanza ni kifo cha mnyama. Mguu wa pili ni kukosa mbegu pale chanzo kimoja kinapofungwa. Koperativa yenye chanzo kimoja tu inasimama juu ya mguu mmoja.

MAMBO MATANO WAFUGAJI WA CHAZA WALIYOJIFUNZA

Kwanza, mzazi mwenye kuonekana mzima anaweza kubeba virusi. Chaza aliyepona anaonekana mnono, anakula, anataga, lakini virusi inaweza kubaki ndani yake. Kwa hiyo vituo vizuri havichagui wazazi kwa macho tu. Wazazi wapya wanatengwa na kupimwa kabla ya kuingia kituoni. Kipimo ni kile cha PCR, chenye wengi wetu tulijua jina lake wakati wa Covid.

Pili, hakuna dawa. Antibiotiki inapigana na bakteria, haiui virusi. Kuna wafugaji wa samaki huku kwetu wanaotupa kapsuli za tetra ndani ya bwawa kila wakiona samaki amekufa. Kwa virusi, tetra ni pesa iliyotupwa majini, na inaweza kuzalisha bakteria sugu zenye kuleta shida nyingine.

Tatu, maji yanaweza kutayarishwa. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney walijaribu jambo jepesi katika mto Georges, penye virusi ilikuwa imekwisha kuingia. Maji ya mto waliyachuja kwa kichujio cha matundu madogo sana, ya mikroni 5, ao waliyaacha yatulie ndani ya tenki masaa 48, ndipo wakayapeleka kwa chaza wachanga. Maji hayo hayakuua. Inaonekana virusi inasafiri ikiwa imejishika kwenye vitu vidogo vyenye kuelea: ukivitoa ao ukiviacha vitulie, nguvu yake inapungua. Vituo vyenye uwezo vinaongeza taa maalumu za kuua vijidudu, lakini msingi ni ule ule: maji yasiingie moja kwa moja.

Nne, umri na wakati. Wachanga wanakufa zaidi ya wakubwa. Mfugaji anaweza kupunguza hasara kwa kungoja joto lipungue, ao kwa kukuza mbegu kidogo mahali pa usalama kabla ya kuipeleka baharini.

Tano, ukoo wenye kustahimili unaweza kujengwa, lakini polepole. Ufaransa, Australia na New Zealand zilichagua wazazi kutoka familia zilizokufa kidogo, wakazalisha, wakachagua tena, kizazi kwa kizazi. Kazi hiyo imesaidia sana. Angalisho: inafanywa na watu wenye maabara na rejesta. Si sawa na kuokota samaki waliopona katika bwawa lenye ugonjwa na kuwafanya wazazi. Aliyepona bila kupimwa anaweza kuwa mbebaji, na wewe utauza ugonjwa kila mwezi bila kujua.

SASA TURUDI KWENYE TILAPIA YETU

Tilapia ana virusi yake. Inaitwa virusi ya ziwa ya tilapia, na kwa kifupi TiLV. Wataalamu wa Israeli waliieleza mwaka wa 2014, kisha vifo vingi vilivyoanza huko mwaka wa 2009. Leo imeonekana katika nchi nyingi za Asia, Afrika na Amerika. Mwaka wa 2017 shirika la chakula na kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilitoa onyo kwa nchi zote zenye kufuga tilapia. Mwaka wa 2018 watafiti walitangaza kwamba wameikuta katika samaki wa Ziwa Viktoria, upande wa Uganda na upande wa Tanzania, ndani ya samaki walioonekana wazima.

Hatusemi kwamba iko katika bwawa lako. Tunasema tu: vifaranga vinavuka mipaka kila juma, ndani ya mifuko ya plastiki, juu ya pikipiki na mitumbwi, na hakuna anayevipima. Njia iko wazi.

Vifo vinatofautiana sana, kutoka samaki 20 katika 100 mpaka 90. Wadogo ndio wanaumia zaidi, mara nyingi katika majuma ya kwanza kisha kuhamishwa. Watafiti wameikuta virusi hata ndani ya wazazi na mayai yao. Nayo pia haidhuru mtu anayekula samaki.

Dalili za kuangalia ni hizi:
– samaki wanaacha kula na kusimama juu ya maji, hawakimbii hata ukiwakaribia;
– ngozi inageuka nyeusi, ina vidonda ao magamba yanatoka;
– macho yanavimba ao yanaingia ukungu;
– vifo vinapanda kila siku kwa siku kadhaa, hasa kwa wadogo.

Dalili moja peke yake haitoshi. Samaki wanaopanda juu asubuhi na mapema kuvuta hewa, kisha kutulia jua likitoka, mara nyingi wanakosa hewa tu, kwa sababu umeweka samadi nyingi ao samaki wengi. Badilisha maji kwanza. Lakini vifo vyenye kuendelea siku tatu, nne, hata kisha kubadilisha maji, vinaomba uite mtaalamu.

NAMNA YA KULINDA MLANGO

Sisi watu wa Mashariki hatuhitaji kufundishwa sana namna ya kuzuia virusi. Wakati wa Ebola, kati ya 2018 na 2020, tulinawa mikono kwa maji ya klori penye kila bariyeri, tulipimwa joto, na waliomkaribia mgonjwa walifuatwa siku 21. Fikra ni ile ile, tunaihamisha tu kwenye bwawa.

1. Jua mbegu inatoka wapi. Usinunue vifaranga kwa mtu wa njiani asiyeweza kukuonyesha bwawa la wazazi. Muulize: wazazi ulitoa wapi, mwaka gani, na mwezi uliopita walikufa wangapi? Muuzaji mwaminifu hatakasirika.

2. Usimwage maji ya mfuko ndani ya bwawa lako. Weka mfuko wenye kufungwa juu ya maji ya bwawa, dakika 15 hadi 30, joto lilingane. Kama bwawa lina kivuli na mfuko ulikuwa juani, ngoja zaidi. Kisha toa vifaranga kwa wavu mdogo, uwaweke bwawani. Maji ya mfuko yamwage chini, mbali na mabwawa na mfereji.

3. Tenga wageni majuma matatu. Koperativa inapashwa kuwa na bwawa dogo la kutengea. Mahali pake ni muhimu. Mabwawa yetu mengi yanafuatana kama shanga: maji ya bwawa la juu yanaingia la pili, la pili yanaingia la tatu. Ukiweka wageni juu, umewapa wote maji ya wageni. Bwawa la kutengea liwe la mwisho chini, lenye kuingiza maji yake pekee. Na katika majuma hayo matatu usifungue njia ya kutoa maji, kwa sababu chini yako kuna jirani mwenye bwawa, naye ni mwanachama mwenzako. Kama nafasi iko, chimbeni mabwawa mapya ubavuni mwa mfereji, kila moja na mlango wake wa kuingiza na wa kutoa.

4. Zuia samaki wa mtoni. Weka wavu wa matundu madogo penye maji yanaingia, uusafishe kila siku. Bwawa la wazazi na la vifaranga yapate maji kwanza, kabla ya mabwawa ya kunenepesha. Kama mnaweza kuchimba kishimo cha kutuliza maji mbele ya bwawa la wazazi, fanyeni. Hatuahidi kwamba kitazuia virusi ya tilapia kama ilivyokuwa kwa chaza, lakini kitapunguza tope na mayai ya samaki wa nje.

5. Kila bwawa na vyombo vyake. Wavu, ndoo na beseni vya bwawa la kutengea visiende kwenye bwawa la wazazi. Pakeni rangi: nyekundu kwa wageni, nyeupe kwa wazazi. Vyombo vyenye kuazimwa ni njia kubwa ya ugonjwa. Kisha kazi, vioshwe, vilowekwe katika maji ya javeli kama chupa inavyoeleza, visuuzwe vizuri kwa sababu javeli inaua samaki, vikauke juani siku nzima. Anayefanya kazi aanzie kwa wazazi na kumalizia kwa wageni, asirudi nyuma.

6. Pumzisha bwawa. Kila kisha mavuno toa maji yote, acha tope likauke mpaka lipasuke, halafu nyunyiza chokaa ya moto kilo 10 hadi 15 kwa kila ari moja. Chokaa hiyo inachoma: vaa buti, funika macho na mikono, weka watoto mbali. Jaza maji, ngoja majuma mawili kabla ya kuweka samaki.

7. Andika. Nunueni kaye moja. Kila siku mwangalizi aandike: samaki waliokufa, chakula kilicholiwa, mgeni aliyefika, vifaranga vilivyouzwa, na vimeuzwa kwa nani. Mstari wa mwisho ndio wa dhahabu. Siku ya shida utajua ni nani wa kuonya.

8. Usitegemee kitu kimoja. Virusi ya chaza wa Pasifiki haikuwamaliza chaza wenyeji wa Sydney, ambao ni aina nyingine. Wafugaji waliokuwa na aina mbili walibaki na kitu. Huku kwetu, mwenye kufuga kambare pembeni ya tilapia hatalala njaa tilapia wakiugua. Na koperativa mbili zenye kuzalisha vifaranga ziandikiane mkataba: ya kwanza ikifungwa, ya pili inauza kwa wanachama wa zote mbili kwa bei ile ile.

SIKU SAMAKI WANAANZA KUFA

Hapa ndipo penye uzito wote. Tuchukue mfano. Koperativa ina wanachama 40, kila mmoja ameagiza vifaranga 500. Mama anayesimamia bwawa la kuzalisha ana vifaranga 20.000 tayari. Jumatatu anakuta 30 wamekufa, Jumanne 80, Jumatano 200. Wanunuzi wanafika Ijumaa. Wengine wamekwisha kulipa. Yeye mwenyewe ana deni la chakula cha samaki.

Kama Ijumaa anauza, mkononi ana pesa, na ugonjwa unaingia mabwawa 40 kwa mchana mmoja. Kama anasimamisha, wanachama 39 wanaokoka, naye peke yake anabeba hasara. Tuseme ukweli: ukimwachia mtu mmoja uamuzi huo, na deni liko mlangoni, wengi watauza. Si kwa ubaya. Ni kwa sababu tumepanga mambo hivi, kwamba mwaminifu ndiye anayepoteza.

Kwa hiyo kulinda mlango kunaomba pia kumlinda mlinzi wa mlango. Kwa maoni yetu koperativa ifanye hivi. Juu ya kila kifaranga kinachouzwa, ongezeni kiasi kidogo, chenye mkutano mkuu utakubali, kiwekwe katika sanduku la pekee. Sanduku hilo lina kazi moja: siku mzalishaji anaposema mwenyewe «samaki wangu wanakufa, nasimamisha kuuza», linamlipa sehemu ya hasara. Asiposema, akauza, sanduku halimlipi, na anarudisha pesa za wanunuzi. Liandikwe katika sheria ya ndani ya koperativa sasa, wakati samaki ni wazima. Siku ya msiba hakuna anayesikilizana.

Na siku hiyo ikifika, fanyeni hivi kwa mpangilio. Simamisheni kuuza na kuhamisha samaki siku ile ile. Fungeni maji yanayotoka. Itieni bilo ya uvuvi na ufugaji ya teritware, ao agronomi wenu, aangalie na kutafuta namna ya kupeleka sampuli kwenye maabara. Samaki waliokufa watolewe kila siku, wazikwe ndani ya shimo lenye kina pamoja na chokaa, mbali na maji. Wasitupwe mtoni, wasipewe mbwa wala bata kando ya bwawa. Chukueni kaye na kuonya kila aliyenunua mwezi uliopita. Na msimcheke aliyesema. Kijiji chenye kumcheka mgonjwa wa kwanza hakisikii habari za wa pili.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO WENU

Tunaomba kila koperativa yenye bwawa la kuzalisha, ao yenye kutaka kulianza, iweke maswali haya manne katika mkutano unaokuja, na katibu aandike majibu:

– Wazazi wetu walitoka wapi, na nani anaweza kushuhudia?
– Maji ya bwawa la wageni yanaenda kwa nani?
– Bwawa letu likifungwa miezi mitatu, wanachama watapata mbegu wapi?
– Anayesimamia bwawa akisema ukweli, nani atamsaidia kubeba hasara?

Tatu za kwanza zinajibiwa kwa jembe, wavu na kaye. Ya nne inajibiwa kwa moyo wa koperativa, na bila hiyo zile tatu hazitadumu. Wafugaji wa chaza wana maabara, mashine na msaada wa serikali, na bado walishangazwa. Sisi hatuna vyote hivyo. Lakini tuna mabwawa madogo, tunajuana kwa majina, na mlango wetu bado haujavunjwa. Tuulinde kabla hatujaanza kuuza kifaranga cha kwanza.